Maswali ya Gari: Filamu Angavu, Laka na Mawe ya Mombasa Road

Barua za mwezi huu zimejaa swali la filamu angavu ya kulinda rangi, ile mafundi huiita PPF. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatamfaa mtu mwingine pia.

Hamjambo wahariri. Nimenunua Mazda CX-5 nyekundu iliyotoka Japani. Kila siku napita Mombasa Road na malori yanarusha mawe. Fundi mmoja ananiambia nifunike gari nzima, mwingine anasema mbele tu inatosha. Nimsikilize nani? – Msomaji, Syokimau

Msikilize wa pili, ila mwambie aongeze kidogo.

Jiwe linalorushwa na gurudumu la lori hupiga panapotazama mbele: bampa, boneti, taa, fenda za mbele, vioo vya pembeni na nguzo zilizoshika kioo cha mbele. Paa halipigwi, na milango hupigwa kwa nadra. Sehemu zinazosahaulika ni mbili. Ya kwanza ni bodi iliyo nyuma ya magurudumu na chini ya milango, maana huko changarawe inarushwa na matairi yako mwenyewe. Ya pili ni mgongo wa bampa la nyuma, pale masanduku yanapokwaruza yakipakiwa kwenye buti. Kwa foleni za Nairobi ongeza ncha za milango na vile visahani vilivyo nyuma ya vishikio, ambako kucha na pete huchora kila siku. Bodaboda akipenya na kukugusa kwa usukani, filamu itaumeza mkwaruzo mwepesi. Bati likibonyea, limebonyea.

Hesabu yenyewe ni hii. Rangi ya kiwandani, kuanzia praima hadi laka ya juu, ina unene wa mikroni 100 hadi 150 hivi, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Laka peke yake ni kama 40 hadi 50. Filamu nzuri ni 150 hadi 200. Kwa hiyo unavalisha gari koti nene kuliko rangi yote iliyo chini yake, tena koti linalonyumbuka jiwe likigonga. Ndiyo maana kazi hii ilianzia mbali na magari: filamu za poliurethani zilitumiwa kwanza kulinda mapanga ya helikopta za jeshi la Marekani zisiliwe na mchanga wakati wa vita vya Vietnam.

Kwa rangi yako kuna sababu ya ziada. Nyekundu ya Mazda iitwayo Soul Red ina tabaka la chini linaloakisi mwanga na juu yake tabaka jekundu linalopitisha mwanga. Unene ukizidi kidogo tu, wekundu unabadilika. Bampa likipulizwa peke yake, kulilinganisha na fenda ni kazi ya fundi wachache. Kuilinda ni rahisi kuliko kuitafuta tena.

Usikubali boneti nusu, hata ukipunguziwa bei. Ule mstari unaokatiza katikati hunasa vumbi na mabaki ya polishi, na baada ya miaka michache rangi ya juu yake huwa imechujuka tofauti na ya chini. Na ukipewa bei, uliza mita. Roli la kawaida lina upana wa mita 1.52 na urefu wa mita 15. Gari zima la saluni hula karibu roli zima. Mbele yote, vioo na taa zikiwamo, hula kama theluthi moja pamoja na vipande vya kutupwa. Anayekudai bei ya nusu roli kwa boneti peke yake ana maelezo ya kutoa.

Bampa langu la mbele liligongwa, nikalipuliza upya Industrial Area wiki mbili zilizopita. Limeng'aa vizuri. Fundi wa filamu yuko tayari kesho. Kuna neno? – Msomaji, Kasarani

Lipo. Ahirisha.

Rangi mpya ikikauka juu bado inapumua ndani. Thina iliyobaki kwenye tabaka za chini hutoka polepole kama mvuke, na ukiifunika kwa filamu mvuke huo hauna pa kupitia. Utaona vipele vidogo vidogo, vingi, vinavyoongezeka badala ya kupungua, na gundi inayogeuka ukungu. Subiri siku 30 kwa uchache. Ikiwa bampa lilikaushwa kwa hewa tu bila chumba cha joto, tena katika baridi ya Julai, subiri 60.

Lakini siku pekee hazitoshi. Lazima ujue kilichopulizwa ni nini. Rangi ya 2K huchanganywa na hadina, yaani dawa ya kuigandisha, ikashikana kwa kemia na kuwa ngumu. Duko, ile rangi isiyotiwa hadina, hukauka kwa thina kuruka tu, kwa hiyo hata baada ya mwaka mzima thina ikiigusa inalainika. Chukua kitambaa cheupe chenye tone la thina, kiguse kwa sekunde chache mahali pasipoonekana, kwa mfano ukingo wa ndani wa bampa. Kitambaa kikichukua rangi na pale pakinata, ni duko. Usiweke filamu juu ya duko. Siku ya kuibandua, gundi itaondoka na rangi.

Bampa lina hatari nyingine kwa sababu ni plastiki. Rangi haishiki plastiki vizuri mpaka ipigwe kwanza praima ya plastiki, na fundi mwenye haraka huiruka hatua hiyo kwa kuwa haionekani ikikamilika. Jaribu hivi: bandika mkanda wenye gundi kali mahali pa kujificha, usugue kwa kidole ushike barabara, kisha uchomoe kwa nguvu moja. Ukitoka na magamba ya laka, mrudie aliyepuliza, wala usimlaumu wa filamu kwa yatakayofuata.

Sehemu za bati zipimwe kwa kipimo cha unene wa rangi. Mfungaji wa filamu asiye nacho anabahatisha. Paneli ya kiwandani husoma mikroni 90 hadi 160. Iliyopulizwa juu ya rangi ya zamani husoma 200 hadi 350 hivi. Ikivuka 500, chini kuna pati ya kujazia mabonyeo. Kipimo hicho cha kawaida hakisomi plastiki, kwa hiyo bampa huchunguzwa kwa macho: chembe za vumbi ndani ya laka, uso wenye vishimo kama ngozi ya chungwa, mstari wa karatasi ya kuzibia karibu na grili. Wenye magari yaliyotoka Japani wasidhani wamesalimika. Gari linaweza kuwa limepulizwa huko huko, au yadi hapa kabla hujaliona.

Jambo la mwisho kuhusu bampa lako: chembe za vumbi na michirizi ya kitambaa visuguliwe na kupigwa polishi kabla ya filamu. Kitakachobaki chini yake utakitazama kwa miaka saba.

Kuna duka limeniambia filamu yao ni TPU ya kweli lakini bei ni ya chini mno. Nitajuaje? – Msomaji, Buruburu

Omba kipande cha upana wa vidole viwili na urefu wa kiganja. Akikataa kukupa kipande cha kutupwa, umepata jibu.

TPU, yaani poliurethani inayolainika kwa joto, ukiivuta hunyooka na ukiiachia hurudi karibu kama ilivyokuwa. PVC, plastiki ya bei ya chini inayouzwa badala yake, huvutika ikabaki imelegea na yenye mawimbi. Kisha ikwaruze kidogo kwa brashi ya waya laini wa shaba ya njano na uimwagie maji ya moto yasiyochemka. Juu ya TPU nzuri, michirizi midogo hufutika ukitazama, kwa sababu tabaka lake la juu hurudi lilivyokuwa likipata joto. PVC haina uwezo huo.

Jaribio la kumaliza ubishi hutumia klorini, ambayo imo ndani ya PVC na haimo ndani ya TPU. Shika waya wa shaba nyekundu kwa koleo, uchome kwenye moto wa gesi mpaka uwe mwekundu na moto usibadilike rangi. Gusa filamu kwa waya huo, rudisha waya motoni. Mwale ukigeuka kijani kibichi, kuna klorini. Fanya nje penye hewa, kipande kiwe kidogo kama kucha, na usiuvute moshi wake. Majina mengine ya kibiashara kama TPH hufunika PVC iliyolainishwa, na waya hausomi majina.

Si kwamba PVC haifungwi. Inafungwa, inang'aa, na mwaka wa kwanza hutaona tofauti. Jua letu ndilo linaloifichua: tuko karibu na ikweta na Nairobi iko mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo miale ya urujuanimno inafika kali. Vilainishi vya PVC hutoka, filamu inakuwa ya njano, inakakamaa na kupasuka, na wakati wa kuitoa huvunjika vipande vipande.

Dhamana nayo isomwe. Itaje namba ya roli, iliyopigwa kwenye boksi, na iandikwe kwenye risiti yako. Dhamana ya miaka kumi isiyo na namba ya roli ni karatasi.

Je, seramiki si sawa na filamu? Nimeambiwa inazuia mawe na ni nafuu. – Dada wa Kilimani

Hapana, dada. Seramiki ni dawa ya maji inayopakwa juu ya rangi, na ikishakauka ina unene wa mikroni moja au mbili, pengine hata pungufu. Unywele wa kichwani ni kama 70. Hakuna jiwe linalozuiwa na kitu chembamba hivyo. Faida yake ni nyingine: maji huteleza, uchafu haushiki, kuosha kunakuwa kwepesi. Ukitaka vyote, filamu kwanza, subiri wiki moja, kisha seramiki inayokubali filamu juu yake. Ukianza na seramiki, gundi ya filamu itateleza kama maji yanavyoteleza.

Nina mikono myepesi na nataka kujaribu mwenyewe nyumbani Rongai. Nianzie wapi, na nichanganye nini? – Msomaji, Rongai

Anzia visahani vya vishikio vya milango, mgongo wa bampa la nyuma, kisha taa. Bampa la mbele liache. Lina mikunjo ya pande mbili, na filamu ikivutwa kupita kiasi huacha mistari ya fedha ambayo haiondoki, huku gundi iliyonyooka sana ikikosa nguvu ya kushika.

Nunua vipande vilivyokatwa tayari kwa mashine kulingana na modeli na mwaka wa gari lako. Usikate juu ya rangi. Laka ni mikroni 50, wembe hauisikii. Ukifika kwenye bati, maji yataingia kwenye ule mkato na kutu itaanza chini ya filamu, mahali usipoweza kuifikia. Hata unapomlipa fundi, hilo ndilo la kuuliza kwanza: anakata kwa kompyuta, kwa uzi wa kukatia, au kwa mkono juu ya gari?

Tengeneza chupa mbili za kupulizia. Ya kwanza ni ya kutelezesha: nusu lita ya maji na matone matatu au manne ya shampuu ya watoto isiyo na mafuta. Ya pili ni ya kushikisha: maji mililita 400 na spiriti ya isopropili mililita 100. Tumia maji yaliyochujwa au ya chupa ya kunywa. Maji ya visima vingi vya huku yana madini, na yakikauka chini ya filamu huacha alama nyeupe.

Osha gari, kisha pitisha udongo wa kusafishia rangi ukiwa na maji ya kutosha mpaka mkono usisikie tena mikwaruzo midogo. Futa kwa spiriti ili nta na polishi vitoke. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, na hasa kwenye kingo na mifereji ambako nta hujificha. Fanyia kazi penye kivuli, asubuhi kabla upepo haujaamka, na mwagia sakafu maji ili vumbi litulie. Joto la nyuzi 18 hadi 25 linafaa. Juani filamu hunata kabla hujaipanga. Kwenye baridi kali ya asubuhi inakuwa ngumu kama kadi.

Lowesha vidole, lowesha rangi, ondoa karatasi ya nyuma huku ukipuliza gundi maji ya shampuu. Kidole kikavu kikigusa gundi huacha alama ya kidole kama ya kitambulisho. Laza kipande, kisogeze mpaka kikae sawa na kingo zote, kisha shikilia upande mmoja kwa kupuliza maji ya spiriti chini yake na kusubiri nusu dakika. Sasa kamua maji kwa kibao cha raba kutoka katikati kwenda nje, kila mpigo ukipanda theluthi ya uliotangulia. Puliza maji juu ya filamu pia, la sivyo raba itaikwaruza. Ukiona chembe ya vumbi, inua filamu polepole, mwagia maji mengi yaibebe, urudishe. Usijaribu kuitoa kwa kucha.

Kingo huachwa mwisho: kausha, pasha joto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele, bonyeza kwa kidole kilichofungwa kitambaa. Acha milimita mbili tatu kabla ya pembe ya bodi usipoweza kukunja ndani. Ukingo unaoning'inia hewani utafunuka.

Taa za plastiki zilizoanza kuwa za njano zisuguliwe na kung'arishwa kwanza. Kazi hiyo huondoa ngao yake ya kiwandani dhidi ya jua, kwa hiyo zisipofunikwa hurudia unjano mapema. Hapo filamu inalipa kuliko mahali pengine popote, na ni kipande kidogo.

Filamu yangu ina siku nne na imejaa malengelenge. Nimekasirika. Nimrudishie fundi? – Msomaji, South C

Kwanza tazama ni lengelenge la aina gani. La maji ni angavu, ukilibonyeza linasogea, na kesho ni dogo kuliko leo. Hilo ni la kawaida. Maji hupita polepole kwenye filamu na huisha ndani ya wiki moja hadi nne, zaidi kidogo miezi ya Juni mpaka Agosti. Egesha juani mchana. La hewa ni kavu, linang'aa kama fedha, na halibadiliki. Lenye chembe ngumu katikati ni vumbi. Hayo mawili ya mwisho ni kosa la kazi, nawe una haki ya kurudi, ila subiri wiki mbili ili yale ya maji yaondoke na mabaki yahesabike. Vipele vinavyoongezeka tumevieleza kwenye barua ya Kasarani.

Vumbi moja moja kwenye gari lililofunikwa Nairobi, karibu na barabara, si ajabu. Ukiliona kwa kusimama hatua moja na nusu, lalamika. Ukilazimika kupiga magoti na tochi, samehe.

Gari langu la Japani lilikuja na filamu ya zamani kwenye boneti, imekuwa ya njano na mstari wake ni mchafu. Inatokaje? – Msomaji, Thika Road

Kwa joto na subira. Chagua siku ya jua, pasha kona kwa mvuke au maji ya nyuzi 60 hivi, inua kwa ukucha, kisha irudishe nyuma juu yake yenyewe, karibu na bodi, polepole. Ukiivuta wima kwenda juu unaivuta na laka. Ikianza kukatika, ongeza joto, si nguvu. Gundi iliyobaki hutoka kwa dawa ya kutoa gundi yenye mafuta ya maganda ya machungwa na kitambaa laini, thina usiisogeze. Mstari wa rangi utapungua kwa polishi lakini huenda usiishe, kwa kuwa pale palipofunikwa rangi haikuchakaa sawa na pengine.

Naegesha karibu na Nyayo Stadium. Wale korongo! Filamu itanisaidia? Na kaoshi, wale waosha magari, niwaambie nini? – Msomaji, Nairobi West

Itasaidia, kwa masharti. Kinyesi cha korongo wale wenye upara wanaolala kwenye migunga ni kingi na kina asidi, na jua likikikausha kinachoma hata laka ya kiwandani. Filamu huchomwa badala ya rangi, lakini nayo ina tabaka lake la juu linaloweza kubaki na doa. Lowesha kitambaa, kilaze juu ya kinyesi kwa dakika tano au kumi, kisha kiokote. Kusugua kikiwa kikavu ni kusugua kwa mchanga. Maua ya jakaranda ya Oktoba na Novemba yaondolewe siku hiyo hiyo. Yakilala na mvua huacha utomvu.

Kwa kaoshi, maagizo ni machache. Wiki ya kwanza wasioshe kabisa. Baadaye, mashine ya presha ikae mbali, nusu mita au zaidi, na isielekezwe kamwe kwenye ukingo wa filamu. Hapo ndipo hufunuka, na dhamana nyingi hazilipi ukingo uliofunuliwa na presha. Shampuu ya gari, si sabuni ya unga. Taulo iwe yako, maana ile ya ndoo imeshafuta rimu za magari kumi. Lami isiondolewe kwa mafuta ya taa wala dizeli, kwa sababu huingia kwenye ukingo na kulainisha gundi. Dawa ya lami kidogo kwenye kitambaa, kisha osha mara moja. Petroli ikidondoka karibu na mfuniko wa tangi, ifutwe hapo hapo kituoni kabla hujalipa.